Shule ya Kulinganishia

Jumatatu, 3 Februari
Wageni! Bi Bushra, mtafiti, kafika shuleni kwangu na viatu visivyoyajua matope ya Msambweni. Ana shule sita. Tatu zitapewa sanduku la vitabu vya hadithi, tatu zisipewe. Muhula ukiisha, watoto wote watapimwa kusoma, ijulikane kama vitabu vinasaidia. Vikisaidia, kila shule itapata. Nilikuwa nimejiandaa: madawati yote stoo, darasa la nne sakafuni, wakikohoa kwa zamu. Bi Bushra akasema kwa upole kwamba shule zinachaguliwa kwa kura, na kura haioni sakafu.

Alhamisi, 6 Februari
Kura imepigwa. Mwalimu Mwanamkuu, mkuu wa shule jirani, kapata sanduku. Bahati ya mwanamke yule! Sisi tumetiwa katika "kundi la kulinganishia". Nimetafakari njia nzima. Yaani wengine watalinganishwa na sisi. Sisi ndio kipimo! Nimeamuru yaandikwe langoni: SHULE YA KULINGANISHIA. Rangi nyekundu.

Ijumaa, 7 Februari
Mwanamkuu kapita langoni. Kasoma. Kacheka mpaka kashika nguzo. Kanieleza kwamba kundi hilo ndilo lisilopewa kitu. Rangi ya mafuta haitoki kwa maji. Wala kwa sabuni.

Jumamosi, 15 Februari
Njia imepatikana. Nilimwambia Mwanamkuu kwamba ofisi yake ina mchwa (kweli, mmoja nilimwona) na kabati langu ni la chuma, basi vitabu vilale kwangu kila mwisho wa wiki. Kashukuru mno. Leo darasa la nne limekuja lote. Jumamosi! Mbodze, ambaye tangu Januari hajafungua kinywa darasani, kasoma hadithi ya fisi aliyekwenda kuposa hadi mwisho, kisha akaanza upya. Nikatoka nje kidogo. Vumbi liliniingia machoni.

Ijumaa, 28 Machi
Mtihani. Watoto wangu wametiririka kama maji! Bi Bushra kaduwaa, kauliza siri yetu. Nikasema uongozi.

Jumatano, 2 Aprili
Msiba. Bi Bushra katuita sote. Waliopewa vitabu na wasiopewa wamelingana, hasa kwa sababu ya alama za shule yangu. Basi vitabu havisaidii. Masanduku yarudishwe, na hakuna shule nyingine itakayopewa. Mwanamkuu akanigeukia. Sasa alikuwa ameielewa ile habari ya mchwa na kabati langu la chuma.
"Mwalimu Munyoki, utasema wewe au niseme mimi?"
Nikasema. Jumamosi zote. Bi Bushra akafungua daftari lake na kuanza kuzihesabu.

Ijumaa, 4 Aprili
Tumefutwa katika utafiti. Hesabu bila sisi: vitabu vinasaidia, tena sana! Vinabaki, na zile shule mbili zilizokosa zitapata vyao; sisi hatupati. Na kwa kuwa hatumo tena, Bi Bushra kasema hakuna kinachotuzuia kuviazima hadharani. Mwanamkuu kafungua mlango wake. Mbodze alifika kabla ya ufunguo. Nimewaeleza wazazi kwamba nilipanga hivyo tangu mwanzo.
Kosa langu nimeliona. Niliingia katika kura na jina moja! Mwezi wa tano wanakuja watafiti wengine, wa kupima kama uji unasaidia, nao wanachagua shule kwa kura. Nimeshaandikisha shule mbili: madarasa ya chini na madarasa ya juu. Mwalimu mkuu ni mimi kote, ila ile ya pili nimeitilia sahihi kwa mkono wa kushoto.