Sauti ya Domitila Ndani ya Mkate

Jumanne, Oktoba 29

Binti yangu Amparo ametangaza usafi. Wiki ijayo manispaa inakusanya simu na redio zilizokufa, naye anaitaka simu yangu ya zamani. Betri imevimba kama tumbo la padri, kasema, itatuchomea nyumba. Nitoe laini, nifute kila kitu kilichomo, nimkabidhi. Akauliza kama kuna cha kuhifadhi, aninakilie. Nikasema hakuna.

Kipo. Ujumbe wa sauti wa marehemu mke wangu, Domitila: "Wewe mzee mkaidi, nunua majani ya kufungia tamale, na usipitie kwa Nabor, yule mlevi." Basi: majani ya kufungia unga wa mahindi, na mlevi. Ndoa nzima, hicho ndicho nilichobakiwa nacho. Nikimwambia Amparo atasikiliza, atalia, nami nitalia, na mimi silii mbele ya watu.

Alhamisi, Oktoba 31

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu zimebaki chache lakini zinatosha.

Leo tumepanga meza ya wafu wanaorudi nyumbani kula kila mwaka: maua ya manjano, mishumaa, picha ya Domitila, mikate. Mkate mkubwa kuliko yote nimeutoboa chini, nikaula utumbo wake, nikaitia simu mahali pake. Chakula cha wafu hakiguswi mpaka wenyewe washibe. Nikamwambia Amparo simu nimeshaipeleka manispaa. Akaniangalia vilevile alivyokuwa akiniangalia mama yake.

Jumamosi, Novemba 2

Leo Domitila anakuja kula. Amparo alipokwenda makaburini na maua, nikaingiza kidole kwenye tundu, nikabonyeza. Sauti ikatoka ndani ya mkate, nzito kidogo, kama ya mtu anayesema na mdomo umejaa. Ndivyo alivyokuwa akinigombeza, mezani. Nikamjibu majani nimeshanunua. Nikarudia kubonyeza. Kisha nikanywa pombe ya pulque tuliyomwekea yeye. Hakukataa.

Jumapili, Novemba 3

Nimechelewa kuamka. Meza tupu.

Nilisahau desturi niliyoifuata tangu naota meno: wafu wakishakula, chakula hugawiwa majirani. Amparo ameshazungusha vikapu vyote. Nikauliza, kama mtu asiyejali, mkate ule mkubwa umekwenda wapi. Kwa kompadre wako Nabor, kasema, si ndiye aliyenisimamia ubatizo?

Kwa Nabor siendi. Tangu Agosti hatusemezani. Anaiba kwenye mchezo wa domino. Isitoshe, nikienda kudai mkate atajua una kitu. Nitangoja aje mwenyewe kushukuru.

Jumanne, Novemba 5

Hakuja. Nimekwenda.

Nabor alifungua mlango hana jino la mbele. Lilikuwa la bandia, limebaki kwenye mkate. Akasema kwanza alidhani nimemtegea. Kisha akaiona betri ilivyofura, akaogopa. Mkwe wake akamfundisha kufuta vyote vilivyomo, na leo asubuhi ameikabidhi manispaa kwa mkono wake. "Nimekuondolea balaa, kompadre," akasema, kifua mbele.

Nikaketi kwenye ngazi yake. Nikamuuliza kama kabla ya kufuta alisikiliza chochote.

Akaketi kando yangu. Halafu akabana pua, akaanza: wewe mzee mkaidi, nunua majani ya kufungia tamale, na usipitie kwa Nabor, yule mlevi. Hakuangusha hata neno. Hata "mlevi" hakuliruka. Nikamwomba arudie. Akarudia. Mara ya tatu tulilia wote wawili. Nimesema silii mbele ya watu, Nabor hahesabiki.

Jumatano, Novemba 6

Nabor kaja na domino zake. Nimemrekodi kwenye simu ya zamani ya Amparo, ile yenye kioo kilichopasuka. Sauti ni ya jogoo mwenye mafua, lakini pale penye "mzee mkaidi" ni Domitila hasa. Nikifumba macho nanusa hata majani ya tamale.

Jioni Amparo akaitafuta simu hiyo. Manispaa itakusanya tena Januari, anataka kuiandaa mapema. Akauliza kama nimeiona, na kama kuna cha kuhifadhi, aninakilie. Nikasema hakuna.

Safari hii sikucheza na mikate. Nimeificha ndani ya pinyata, ile nyota kubwa ya karatasi inayoning'inia ukumbini, imejaa peremende za sikukuu. Hapo hakuna wa kuigusa, mpaka Desemba watoto waje kuipasua kwa fimbo zao.