Ubwa Mshona Maturubai na Mlango wa Ghala la Barafu

Mlango wa ghala la barafu la Bi. Biasha, pale Mkokotoni, ulikuwa haupandi wala haushuki. Ulikuwa wa chuma, wa kujikunja, na chumvi ya bahari ikaula mpaka ukagoma katikati, juu kidogo ya kiuno cha mtu. Wachukuzi wakawa wanaingia na matenga ya samaki wameinama, joto linaingia limesimama wima, na barafu inatoka zake taratibu, maji tupu, inashuka pwani bila kuaga.

Basi sogeeni, enyi watu wa mjini na mashamba, mlioketi barazani na mliosimama kwa kukosa nafasi. Mwenye kikombe akiweke chini, mwenye simu aigeuze kifudifudi. Sikilizeni khabari ambayo wafalme wamekufa bila kuisikia, na hakuna aliyewasikitikia kwa hilo. Ni khabari ya Ubwa bin Haji wa Mkunazini, Simba wa Sindano, Mfunga Kamba Asiyefungukiwa, mtu ambaye tumbo lake huingia mahala kwanza, likatazama, ndipo yeye akafuata.

Ubwa alikuwa akishona na kukodisha maturubai ya harusi. Zamani hapakuwa na bibi harusi katika Unguja aliyekaa kivulini ila kivuli hicho kimepita kwenye cherehani yake. Lakini siku hizi watu wananunua mahema ya nailoni yaliyoshonwa tayari huko Uchina, na cherehani ya Ubwa ilikuwa imelala usingizi ambao yeye mwenyewe hakuupata. Hakuwa na ardhi, hakuwa na chombo, hakuwa na cheo. Alichokuwa nacho ni neno moja ambalo watu waliliweka mbele ya jina lake, nalo ni Fundi.

Asubuhi moja alikuwa Mkokotoni akifungua turubai la harusi iliyokwisha, mara akasikia sauti ya Bi. Biasha. Bi. Biasha ni Mtumbatu, wa kisiwa kile kinachotazamana na Mkokotoni, na sauti yake ilizoea kuita watu walio ng'ambo ya maji. Hakuna aliyeisikia kwa bahati mbaya. Alikuwa anamwambia Borafya, mchomeleaji, kwamba hoteli moja ya Uroa imemchoka. Samaki wake wakifika na macho mekundu mara moja tena, basi. Na Jumamosi anakuja Bi. Radhiya, mnunuzi wa hoteli hiyo, kulitazama ghala kwa macho yake.

Borafya, Bwana wa Cheche, Mtawala wa Mabati, alimshauri atie mlango mwingine wa chuma, mnene zaidi. Bi. Biasha akamwambia chuma kinene ni kumpa bahari chakula kingi tu.

Hapo Ubwa akaliacha turubai chini, akajongea, akasafisha koo, akahutubia.

"Bi. Biasha, shikamoo. Chuma na bahari ni maadui wa tangu na tangu, na katika vita vyao sijapata kusikia chuma kimeshinda. Lakini nguo haishiki kutu. Mimi ntakushonea mlango wa turubai, wa kukunjika. Utaupandisha kama unavyokunja mkeka wageni wakishaondoka, na utaushusha kama unavyoutandika. Gari ikiugonga hauvunjiki. Unarudi nyuma, unasamehe, unakaa mahala pake."

"Marahaba," alisema Bi. Biasha. "Na upepo je?"

"Yakhe," akadakia Borafya, "unataka kulivisha ghala sketi?"

Watu wakacheka, na kicheko hicho kikamwingia Ubwa pale ambapo sindano haifiki. Akanyoosha mkono kama jemadari anayeonesha ngome ya adui, akatamka maneno ambayo usiku ule mkewe, Bi. Tahiya, alimwambia kwamba hata mwendawazimu angeyafikiria kwanza.

"Mlango wangu ukishindwa mbele ya mgeni, asiniite mtu fundi tena. Niiteni Ubwa, kavu, kama anavyoitwa mtoto anayetumwa dukani."

Vita vikaanza. Ubwa aliupima uwazi ule kwa pima za mikono, akachora sakafuni mwa duka lake kwa chaki mpaka wateja, kama wangekuwepo, wangekosa pa kukanyaga. Nguo aliyoichagua ni lile lile turubai la harusi, kwa kuwa lilikuwa ndilo zito kuliko yote aliyobakiwa nayo: upande mmoja jeupe, upande wa pili jekundu lenye maua ya manjano na shada za nyuzi zinazoning'inia. Akalishona kwenye bomba la maji, mlango wa chuma ukang'olewa, bomba likalazwa juu ya uwazi kwenye vishikio viwili, kamba ikapitishwa kwenye kapi. Ukivuta, bomba linazunguka, nguo inapanda. Ukilegeza, inashuka. Maua akayaelekeza nje, kwa heshima ya mgeni.

Jaribio la kwanza lilifanyika mchana, nao upepo, adui asiyelipa kodi, alikuwepo. Ubwa aliushusha mlango, akaushika pindo la chini, akageuka awatazame watu kwa fakhari. Upepo ukaingia ndani ya nguo, nguo ikavimba kama shavu la mpiga zumari, na Simba wa Sindano, pamoja na tumbo lake lote, akaiaga ardhi. Hakwenda juu sana. Lakini mtu wa umri wake haendi juu hata kidogo bila kuzungumzwa. Borafya, aliyekuwa amekaa juu ya ndoo, alimwomba akishafika Tumbatu awasalimie.

Akateremka, akakaa kitako mbele ya adui wake, akafikiri. Akalitazama pindo. Akakumbuka kwamba kila turubai alilolishona maishani alilitia kamba ndani ya pindo ili lisichanike. Basi, kama kamba imo pindoni, na bomba likapasuliwa ubavu kwa urefu wake, likasimamishwa kila upande wa mlango, pindo lingepita ndani ya ule mwanya na kamba ingebaki mateka ndani ya bomba. Upepo usukume mpaka uchoke, nguo haitoki. Na kama gari ikiigonga kwa nguvu, mwanya utaiachia, halafu mtu ataianzisha upya kutoka juu. Na tumbo la nguo lingetiwa papi za mbao zilizolala, moja juu ya moja, kama mbavu, na chini kabisa bomba lililojaa mchanga, ili mlango ujue kwamba kazi yake ni kukaa chini.

Mpango ulikuwa mzuri, ila ulikuwa na aibu moja ndani yake. Mkokotoni nzima mwenye mashine ya kupasulia bomba ni Borafya.

Enyi wasikilizaji, majemadari wamevuka mito yenye mamba, lakini hakuna aliyevuka njia ile ya kutoka ghalani mpaka karakana ya Borafya akiwa na bomba mbili begani na moyo mkononi. Ubwa aliivuka. Borafya alimtazama, akalitazama bomba, akaitwaa mashine yake.

"Nnakupasulia," alisema, "lakini jua nnakukatia sanda."

"Kata iliyonyooka," alijibu Ubwa. "Hata sanda hushonwa kwa mstari."

Jumamosi ikafika. Bi. Radhiya alishuka kwenye gari ya hoteli, mwanamke mwembamba, miwani puani, ambaye alimsalimia kila mtu vizuri na hakumwamini yeyote. Bi. Tahiya naye alikuja kutoka mjini kumshuhudia mumewe. Alileta pilau, na ili mgeni asile juu ya meza ya kupasulia samaki hivi hivi, aliitandikia plastiki yake angavu inayoonesha mpaka upande wa pili, nene, aliyoletewa na dada yake kutoka Maskati, ambayo hata watoto wake mwenyewe hawakuruhusiwa kuilia.

Ubwa akalegeza kamba. Mlango ukashuka laini, ukanyooka, mbavu zake zikakaa, bomba la mchanga likagusa sakafu kwa sauti ndogo ya heshima. Upepo ukaja, ukasukuma, ukapiga maua kifuani, ukaondoka. Bi. Radhiya akatia mkono penye upenyo, akasema baridi haitoki. Borafya akawa anatazama kucha zake.

Hapo wakaja wachukuzi kutoka pwani, matenga ya changu na kolekole mabegani, mbele yao Mcha, kiongozi wao, mtu wa ndevu na adabu. Wakafika mlangoni. Wakasimama.

"Hodi," alisema Mcha.

"Hodi," alisema tena, na wenzake wote nyuma yake wakainamisha macho.

Ubwa alipofahamu kinachotokea, mkono ulimwendea kwenye kamba wenyewe. Bi. Radhiya akamzuia. Akamwambia amwache; anataka kuona watafanyaje siku ambayo yeye hayupo.

Bi. Biasha akamwuliza Mcha kwa nini haingii kwenye ghala aliloingia jana na juzi.

"Jana lilikuwa ghala, Bi. Biasha," alisema Mcha kwa upole. "Leo mna pazia. Tena la harusi. Mimi nimelelewa, sifunui pazia la watu bila ya kukaribishwa."

"Mna barafu humo."

"Pengine. Lakini mwenye pazia hajaitika."

Bi. Biasha, mwanamke wa vitendo, akazunguka kwa mlango mdogo wa uani, akaingia ndani, na kutoka nyuma ya maua ikasikika ile sauti ya kuita ng'ambo ya maji: "Karibuni."

Wachukuzi wote wakarudi nyuma hatua moja.

"Mnasikia?" Mcha aliwaambia wenzake. "Mna mwanamke."

Ubwa, jasho likimtiririka, akazunguka naye, akaingia, akaitika kwa sauti nzito ya kiume, karibuni, ndani hamna neno. Kisha Mcha akasema, polepole, kwamba sasa ndiyo kabisa haingii, maana humo mna mwanamke na mwanamume, na yeye hataki kuwa shahidi wa jambo.

Bi. Tahiya akaliweka mezani sinia la pilau.

Ubwa alitoka uani akakuta jua limepanda. Samaki walikuwa mabegani, macho yao yakianza kuwa mekundu. Bi. Radhiya alikuwa akiyatazama yale macho, jozi kwa jozi, na uso wake ulikuwa umekwisha ondoka kurudi Uroa. Borafya akasimama kutoka kwenye ndoo yake.

"Ubwa," alisema.

Kavu. Bila neno lolote mbele.

Lilimpiga mtu yule kuliko upepo. Akasimama katikati ya uwanja wa vita, akamtazama Mcha, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akamfikiria mchukuzi badala ya kujifikiria yeye. Mcha hakuwa mjinga. Mcha alikuwa hajui ndani mna nani. Na nguo, hata iwe imara vipi, haisemi.

Basi nguo lazima ioneshe.

Akageuka. Macho yake yakaangukia meza ya pilau. Bi. Tahiya aliyaona yanapoangukia, kwa maana amekaa na mtu huyu miaka mingi na anajua anapotaka kufanya la kufanya.

"Ubwa, ile ni ya Maskati," alisema. "Ukiitia mkasi, usije kuniuliza chakula."

Alimtazama mkewe kama askari anavyoutazama mji aliozaliwa kabla ya kuugeuzia mgongo. Akaliondoa sinia la pilau kwa mikono miwili, kwa adabu, akampa Borafya alishike, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Akaichukua plastiki. Akatoa mkasi wake mkubwa, akaenda kwenye mlango wake mwenyewe, alioushona kwa mikono yake, akautoboa kifuani, baina ya mbavu mbili, kwa kimo cha mtu aliyesimama. Maua yakaanguka. Akaikata plastiki ya Maskati, akaishona pale kwa sindano ya mkono, mishono mirefu mibaya ambayo kwa siku nyingine angemfukuzia mtu kazi, na watu wote wakamkodolea macho kama wanaangalia jahazi linaloingia mkondoni. Alipokata uzi kwa meno, akarudi nyuma.

"Mcha, tazama," alisema. "Ukiona mtu, usiingie."

Mcha akasogea, akaweka viganja viwili pembeni mwa macho, akachungulia. Alichungulia muda mrefu, kwa haki.

"Hamna mtu," alitangaza. "Mna barafu. Na paka."

Akaishika kamba, akavuta. Na pale, mbele ya Watumbatu na watu wa mjini na wa Uroa, mlango wa turubai la harusi ukapanda, mbavu kwa mbavu, ukajikunja juu ya bomba lake, wachukuzi wakapita chini yake wamesimama wima kama watu walioumbwa wima, wakamwaga samaki barafuni, wakatoka, ukashuka. Wakaja tena, wakachungulia, ukapanda, ukashuka. Dereva wa hoteli, aliyekuwa akirudi nyuma huku anatazama sinia la pilau mikononi mwa Borafya, akaugonga kwa tako la gari. Mlango ukavimba, ukatoka mwanyani upande mmoja, Mcha akauanzisha upya kutoka juu, ukarudi mahala pake. Haukuvunjika. Gari ndiyo iliyochubuka.

Bi. Radhiya akavua miwani, akaifuta. Akamwambia Bi. Biasha kwamba atachukua mzigo wa leo, na wa wiki ijayo, na amwombee nambari ya simu ya mshonaji, maana hoteli ina stoo.

Borafya hakuweza kupeana mkono, kwa sababu ya sinia. Lakini alijongea, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia:

"Fundi Ubwa, shika pilau yako."

Iandikwe basi, na isomwe kwa vizazi, kwamba siku hiyo barafu ya Mkokotoni ilikaa nyumbani, wala haikushuka pwani.

Gharama zake ni hizi. Turubai la harusi, moja, lisiloweza tena kwenda harusini. Bomba nne na papi za kutosha. Mchanga, bure. Kolekole wawili walioharibika juani, wakapewa paka, akawatapika. Plastiki ya Maskati, moja. Na chakula cha usiku cha wiki nzima, ambacho Fundi Ubwa alikila Forodhani, amesimama, kwa bei ya watalii.