Mwizi Mwenye Akili Timamu

Jumatatu, 10 Machi

Siku kubwa! Mkurugenzi ametangaza kwamba Ijumaa atakuja mkaguzi wa usalama wa kompyuta kutoka makao makuu. Atajaribu kuingia kwenye rejesta yetu ya vizazi kwa njia yoyote anayoijua. Siku hiyohiyo atatajwa Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta. Kitengo kina watu wawili, mimi na Bi. Makini. Kwa hesabu ya kawaida nina nafasi nusu kwa nusu. Ukiingiza akili kwenye hesabu, nina asilimia tisini.

Kuna tatizo moja, dogo. Nilishamwambia mama mkwe kwamba nimeteuliwa. Ilinitoka tu. Tunaishi naye, na wiki mbili zilizopita aliniuliza mbele ya mke wangu kama bado nafanya ile kazi ya kuchomeka nyaya. Nikasema sasa mimi ni Mkuu. Tangu hapo ananiita hivyo. Mkuu, chai yako hiyo. Mkuu, taa ya chooni imeungua. Na Jumapili amewaalika mashangazi wa mke wangu waje kunipongeza.

Bi. Makini leo kajiandaaje? Kapita meza kwa meza akisasisha programu kwenye kompyuta za watu, moja baada ya nyingine, kama anayepalilia. Hana nadharia hata moja. Namhurumia.

Mimi nimepakua makala kuhusu nadharia ya michezo. Kurasa arobaini. Nimesoma nne. Zinatosha.

Jumanne, 11 Machi

Nadharia ni rahisi mno. Ulinzi ni mchezo wa watu wawili, mlinzi na mwizi. Mlinzi akipita njia ileile saa ileile, mwizi anakaa tu kusubiri apite. Basi mlinzi abadilishe mambo kwa kura, hata yeye mwenyewe asijue kesho atafanya nini. Hilo nimezaliwa nalo. Mke wangu ananilalamikia hivyo mwaka wa tisa sasa.

Nimeipa kazi akili mnemba. Nimeigawa mara mbili, upande mmoja ucheze mlinzi, mwingine mwizi. Zimepambana mara elfu kumi kabla sijamaliza kikombe cha chai. Jibu: nywila ya rejesta ibadilike kila asubuhi, ipatikane kwa kura, na iwe na herufi kumi na nne. Kabla ya kuanza iliniuliza swali moja tu, kwamba mwizi anafahamu nini kuhusu ofisi yetu. Nikajibu hafahamu kitu. Ikaendelea bila ubishi. Ndiyo maana napenda kufanya kazi nayo.

Nilimweleza Bi. Makini. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nadhani alikuwa anautazama upara wangu. Hiyo ni chuki.

Mchana, drafti na mlinzi wa getini, kama kawaida, kwa vizibo vya soda. Kanifunga mara tatu. Nikamwambia ajiandae, kuanzia sasa nacheza kwa kura. Nikacheza kwa kura. Kanifunga ya nne upesi kuliko zote. Anasema yeye huangalia kwanza jicho langu linakwenda wapi. Hajasoma, maskini.

Jumatano, 12 Machi

Nywila ya kwanza imeanza kazi. Saa mbili na nusu foleni ilikuwa imefika barabarani. Hakuna karani hata mmoja aliyeingia kwenye rejesta. Nilikuwa nimewatumia nywila ndani ya rejesta yenyewe, kwenye ukurasa wa matangazo. Jambo dogo. Kurasa nne za mwanzo hazikulitaja.

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alinishika shati. Alitaka kujua mwanawe atazaliwa lini kiserikali, maana huku mtaani ameshaota meno.

Mkurugenzi akaniita. Akasema nina hadi saa nne kutafuta njia. Nikaipata saa nne kasorobo! Kila mfanyakazi akifika lazima asaini kitabu cha mahudhurio pale getini. Basi nywila ya siku iandikwe juu ya ukurasa wa siku. Anayesaini anaisoma. Mwizi yuko huko mtandaoni, na kitabu hakiko mtandaoni. Hakuna mdukuzi duniani anayeweza kudukua karatasi! Mkurugenzi alikubali, ingawa alikuwa anatazama foleni dirishani.

Nimeandika mwenyewe, kwa kalamu nyekundu: NYWILA YA LEO. Nikapiga mistari miwili chini yake. Mlinzi akaniuliza wageni nao wasaini wapi, maana kitabu ni kimoja, na siku zote wageni husaini chini ya wafanyakazi. Nikamwambia asinisumbue na mambo ya vitabu. Bi. Makini akafungua mdomo. Nikamkatiza.

Alhamisi, 13 Machi

Hatua ya pili: hadaa. Nani hasa anataka kuingia kwenye rejesta ya vizazi? Nimejiuliza kitaalamu. Wachezaji mpira wa miaka thelathini wanaotaka kurudi kumi na tisa. Watumishi wanaokaribia kustaafu. Makala inasema mwizi mwenye akili timamu huenda penye faida. Nikamwekea faida. Ndani ya rejesta nimetengeneza ukurasa bandia unaoitwa "Marekebisho ya Tarehe za Kuzaliwa, Usifungue." Ukiufungua na kubadilisha kitu, hakibadiliki, ila unaandikwa kimyakimya.

Saa tisa alasiri, kanasa! Mtu kaingia na kujaribu kupunguza miaka mitatu kwenye rekodi namba 4417. Nusura nipige kelele. Sijaitazama ni ya nani. Naitunza hadi kesho, niifungue mbele ya mkaguzi ikiwa bado ya moto.

Siri ya mtego nilimpa Bi. Makini peke yake, ili aumie. Akaniomba nitazame jina kwanza, tena leo, kabla sijasema neno mbele ya watu. Akasema kikulacho ki nguoni mwako. Nikajua wivu umempanda.

Jioni mama mkwe aliondoka kwenye kiti chake, kile cha mbele ya televisheni, akanikaribisha nikikalie. Miaka tisa sijawahi kukikalia. Akasema Mkuu hakai pembeni. Nilikaa. Ni kiti kizuri, kina mto wa mgongo. Nikamsikia akimpigia simu shangazi mkubwa na kumwambia kwamba alikosea kunidharau. Sauti yake ilikuwa ya furaha ya kweli. Naogopa. Naandika wazi, naogopa sana.

Ijumaa, 14 Machi

Sijui nianzie wapi.

Mkaguzi alifika saa mbili kamili. Mtu mfupi, begi mgongoni. Nilidhani ni mtu wa kufuatilia cheti, nikamwonyesha foleni. Alikuwa ameshasaini kitabu cha mahudhurio, mwandiko safi, chini ya jina langu. Akaketi kwenye kompyuta ile ya wananchi pale chumba cha kusubiria. Saa mbili na dakika kumi na moja alikuwa ndani ya rejesta. Dakika ya kumi na mbili aliniletea nakala ya cheti changu cha kuzaliwa, kwa heshima zote, akaniuliza kama majina yako sahihi.

Yako sahihi.

Kikaoni akaeleza. Siku tatu nzima amejaribu kuingia kutoka nje, na kila kompyuta aliyoigusa Bi. Makini ilimkatalia. Mlango ulifunguka mmoja, na ufunguo wake uliandikwa kwa kalamu nyekundu. Akasema nadharia yenyewe haina kosa, wenzetu wengi wanaitumia na inawafaa. Kosa ni kuiambia mashine kwamba mwizi hajui kitu. Mwizi kazi yake ya kwanza ni kuangalia. Mlinzi wa getini, aliyekuwa ameleta kile kitabu kama ushahidi, akaitikia kwa kichwa.

Maji yalikuwa yamenifika shingoni. Nikasimama. Nikasema ngojeni, nina mtego, na mtego umenasa! Nikamwambia Bi. Makini afungue rekodi 4417 kwenye skrini ya ukutani. Akakataa. Akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikaifungua mwenyewe.

Lilikuwa jina la Mkurugenzi. Yote matatu.

Mkurugenzi akasema alikuwa anaujaribu mtego. Mkaguzi akaandika. Nikasaidia kueleza kwamba hilo haliwezekani, kwa kuwa mtego tuliujua watu wawili tu. Mkaguzi akaandika zaidi. Mkurugenzi alikuwa amebakiza miezi minne kustaafu. Sikulifahamu hilo. Wenzangu wote, nimegundua, walilifahamu.

Saa nane zikatoka barua. Bi. Makini, Mkuu wa Kitengo. Mimi, stoo ya fomu, kuanzia Jumatatu. Ilikuwa barua ya mwisho ya Mkurugenzi kabla ya kupewa likizo asiyoiomba, na aliisaini kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka.

Bi. Makini alinifuata koridoni. Hakunicheka. Alisema ule mtego ulikuwa kazi nzuri ya kweli, na kama ningetazama jina jana nikalipeleka kimya kwa mkaguzi, leo yeye ndiye angekuwa ananiita mimi Mkuu. Ingekuwa bora angenicheka. Nilikwenda kuiona stoo, nikalia kidogo nyuma ya maboksi. Vumbi nalo lilichangia.

Jumapili, 16 Machi

Mashangazi nane. Viti vimeazimwa kwa majirani. Mke wangu nilimwambia yote juzi. Alinishika mkono, akasema niseme mwenyewe kabla mama yake hajasikia kwa watu. Niliahidi. Nikangoja nafasi nzuri. Ikapita. Nikangoja nyingine.

Mama mkwe akasimama kutoa hotuba. Akaanza na asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akininyooshea kidole kila alipofika kwenye mkuu. Mashangazi wakaitikia. Mke wangu akanitazama. Nikasimama, nikasema kweli mimi ni Mkuu. Wa Stoo.

Shangazi mkubwa akauliza nina watu wangapi chini yangu. Nikasema maboksi mia mbili na arobaini.

Mama mkwe akawaambia mashangazi kwamba stoo si mchezo, mwenye ufunguo ndiye mwenye nyumba, na mkwe wake amepewa ufunguo. Akapiga makofi yeye kwanza, na wenzake wakamfuata. Sijawahi kumpenda kama leo. Wageni walipoondoka alirudi kwenye kiti chake, akavuta mto mgongoni. Akaniambia taa ya chooni imeungua tena. Hakusema Mkuu.

Jumatatu, 17 Machi

Siku ya kwanza stoo. Bi. Makini amenipa agizo moja tu. Fomu za vyeti ziwe dirishani kesho saa mbili kamili, maana foleni ya wiki iliyopita bado haijaisha. Amesema ananiamini. Nitamwonyesha! Nitamwonyesha na mama mkwe. Ndani ya mwezi mmoja nitakuwa nimerudi juu.

Nimetupa kufuli la zamani. Lilikuwa na ufunguo mmoja, uleule, kila siku. Aibu! Nimeweka kufuli la namba. Kila jioni akili mnemba itapiga kura ya namba mpya, tarakimu sita, kisha ijifutie kumbukumbu, ili hata ikidukuliwa isiwe na la kusema. Wala mimi siikariri. Namba iliyo kichwani huibwa kwa maneno matamu.

Na kosa la kitabu sirudii. Nimejifunza. Namba ya leo nimeiandika kwenye karatasi moja tu, kwa kalamu nyekundu, na nimeibandika mahali ambapo mgeni hawezi kuisoma hata akisaini mara mia: ukutani, ndani ya stoo. Kisha nikatoka, nikafunga, nikavuta kufuli mara mbili kuhakikisha. Halitikisiki.

Mlinzi wa getini alikuwa ananitazama. Akauliza namba nimeiweka wapi. Nikacheka. Hata yeye, wa kucheza naye drafti! Nikamwambia hapati kitu kwangu, na karatasi iko salama.

Kesho nitawahi, saa moja na nusu, niingie niisome.