Mchanga wa Bure

Jumatano, 13 Agosti
Jana saa tisa alasiri nilipoteza sauti ya mke wangu. Hajanisemesha tangu hapo.

Miaka kumi na tisa ya ndoa, ameniomba kitu kimoja: aketi juu ya kile kilima kikubwa cha mchanga jangwani, atazame jua likizama. Nikakodi gari. Mimi ni fundi mwashi, nimejijenga kwa mwiko, sina mjomba mwenye cheo. Tulipotua kwenye vilima vidogo, nikaona wasichokiona wenye kamera. Mchanga! Laini, mkavu, umeshachekechwa na upepo. Bure! Na chumba chetu hakina lipu.

Madumu manne ya maji, watu wanne: mimi, mke wangu, kaka yake na dereva. Nani anakunywa lita ishirini? Walipokuwa wakipiga picha nikamwaga matatu, nikayajaza. Maji hunywewa mara moja. Lipu husimama miaka arobaini.

Gari likaelemewa. Injini ikachemka. Rejeta ikamaliza dumu la maji. Dereva akafungua la pili: mchanga. La tatu: mchanga. Akaniuliza kwani huu wa nje haunitoshi. Akageuza gari. Kilima kilikuwa pale mbele, tunakiona. Mke wangu akauliza ameolewa na mimi au na mwiko.

Alhamisi, 14 Agosti
Shemeji, kaka yake, ananiita Mzee wa Jangwa. Eti wenzangu hurudi safari na picha. Yeye hata kiwanja hana! Mke wangu alimwambia amwambie fundi kwamba chai inapoa. Nami nimeketi hapo hapo!

Nimepiga lipu ukuta wa kitandani. Akiuona ukuta, atalainika.

Ijumaa, 15 Agosti
Lipu imeanguka. Yote. Upande wake wa kitanda. Ashukuriwe Mungu, alikuwa jikoni.

Muuza saruji anasema chembe za mchanga wa jangwani zimesuguliwa na upepo mpaka zikawa mviringo, hazishikani. Maneno ya dukani! Mchanga ulikuwa kidogo, saruji ikazidi. Hesabu haidanganyi.

Mke wangu amehamishia godoro chumba cha wageni. Jioni nilimwona barazani peke yake, akitazama jua likizama nyuma ya tangi la jirani. Nilitaka kwenda kuketi naye. Nikakumbuka ndoo hazijaoshwa.

Jumamosi, 16 Agosti
Nimesimama mlangoni pake, kofia mkononi. Nimemwambia nimekosa. Nimemwambia Jumanne namrudisha kwenye kilima chake, jua ataliona mpaka litoweke, na safari hii chombo hakielemewi: nimekodi lori la tani saba. Linakwenda tupu kabisa. Atakaa mbele, kama malkia. Nyuma ni makoleo na wapakiaji wawili tu.

Ameendelea kukunja shuka.

Basi nimemwambia waziwazi: mama watoto, unakuja au huji? Nataka ndiyo au hapana, kwa mdomo wako, si wa kaka yako, kabla ya saa sita mchana kesho. Mwenye lori hasubiri.