Jinsi Fundi Sindano Alivyokishusha Kitanda

Jongeeni, enyi wenye masikio, na wenye haraka waende zao. Kwa maana nasimulia vita ambavyo havikupigiwa ngoma: jinsi Fundi Sindano, simba wa cherehani, bingwa wa kola, ambaye hakuna mteja aliyewahi kumrudishia suruali, alivyokishusha kitanda chake kutoka juu ya matofali. Ee kumbukumbu, nishike mkono, nisisahau hata tofali moja!

Asili ya vita ni hii. Tumbo la Fundi liliasi. Lilipenya tundu la kiwambo, ule ukuta wa nyama unaotenga tumbo na kifua, likahamia kifuani, jirani na moyo, kama mpangaji asiyebisha hodi; na kila Fundi alipolala chali, kiungulia kilimpandia kooni kama jeshi lenye mienge. Ndipo mkewe akainua kitanda upande wa kichwani, akakisimamisha juu ya matofali. Kisha Daktari, mwanamke mdogo wa umbo, mkubwa wa mikono, akamwingia kwa matundu madogo matano, akalishusha lile tumbo kubwa, akalibana tundu kwa uzi. "Sasa lala upendavyo," akamwambia.

Fundi hakulala apendavyo. Alijitazama kiooni, akaona makovu madogo kama vifungo vya shati, akaguna. "Nani amewahi kushona bitana kwa kupitia tundu la kifungo? Mshono nisioweza kuupindua nikautazama, siuamini."

Basi matofali yakabaki. Na kwa miaka saba mkewe, mwenye subira ya jabali, aliteleza usingizini hadi miguuni pa kitanda, akaamka amejikunja kama kitambaa kilichoanguka mezani.

Asubuhi ya kwenda kupimwa tena, jabali likapasuka.

"Baba Watoto, Daktari akisema uko salama, matofali yatoke. Yasipotoka, natoka mimi. Nitalala sebuleni mpaka kiama."

"Mke wangu! Unaniachia kitanda?"

"Nakuachia mlima."

Hakuna mkuki uliowahi kumchoma Fundi kama neno lile. Hospitalini akanywa dawa nyeupe mithili ya chokaa, akasimama mbele ya mashine ya eksirei kama asimamaye mbele ya mizinga. Daktari akaitazama picha. Akaweka kidole juu yake, akapima.

"Limepanda tena kidogo," akasema. "Upana wa kidole."

"Sikusema?" Fundi akamgeukia mkewe kwa fahari ya mtu aliyeshinda kesi inayomfunga yeye mwenyewe.

"Mzee wangu, unapata kiungulia?"

"Hapana."

"Chakula kinakwama?"

"Kikwame wapi?" akadakia mkewe. "Anakula chake, anamalizia na changu."

Daktari akacheka. "Suruali uliyomshonea mtu miaka saba iliyopita, leo imelegea kidogo kiunoni, ila haijamdondoka. Utaifumua?"

Fundi akashika kiuno cha suruali yake mwenyewe, akakivuta kidogo. Kisha akasema polepole, "Nitamwambia aendelee kuivaa."

Alasiri ile majeshi yakakutana chumbani. Shujaa akapiga goti, akashika mbao za kitanda, mishipa ikamsimama shingoni.

"Inua!" akaamuru mkewe, mkono tayari kwenye tofali.

"Nainua!"

"Hujainua, unaguna tu!"

Akainua. Matofali yakatoka, kitanda kikatua kwa ngurumo, vumbi la miaka likapaa kama moshi wa mji ulioanguka. Fundi akalala chali, bapa kama kitambaa mbele ya mkasi, mikono kifuani, akimngoja adui. Kikasikika kitu kikinguruma.

"Nini hicho?" akanong'ona.

"Njaa yako."

Adui hakuja. Fundi akakohoa, akajiandaa kutoa hotuba ya ushindi. Lakini mkewe alikuwa amejilaza kando yake, akanyoosha mguu mmoja, kisha wa pili, taratibu, kama mtu anayeingia kwenye maji asiyoyajua.

"Kumbe kitanda chetu kirefu," akasema, na papo hapo akapitiwa na usingizi.

Shujaa akaimeza hotuba yake yote, ikashuka bila kukwama, wala haikupanda tena. Na ikumbukwe na vizazi: alasiri ile, katika chumba cha nyuma, dunia ilinyooka.