Boma la Mama Ndulu Kama Kunguru Alionavyo

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Nimeacha kuandika mabango ya bucha. Rasmi! Kwenye jumba moja la wageni kule Diani, nilikokuwa nikipaka geti rangi, nimeazimwa kitabu cha michoro ya Waingereza wa miaka mia tatu iliyopita. Mabwana wenye mashamba walikuwa wakichorewa majumba yao kutoka juu: paa, bustani, farasi, hata mbwa. Sikulaza damu. Nikamwendea Mama Ndulu wa hapa Bongwe, anayefungua nyumba mpya Jumamosi. Amekubali nimchoree. Akipendezwa, atanipeleka kwa marafiki zake wote. Asipopendezwa, narudi kuchora vichwa vya ng'ombe.

Jumanne, 5 Agosti
Jambo moja linaninyima raha. Waingereza wale hawakuwa na ndege wala drone. Walisimama wapi? Nimejaribu mnazi wa jirani yake, Mzee Karisa. Nikiwa katikati, akanikuta. Nikamwamkia shikamoo huko huko juu. Akaitikia marahaba, kisha akauliza kwa upole kama kibuyu chake cha tembo la mnazi kimeshajaa. Nikaeleza habari za Waingereza. Hakuamini. Nimeshuka kwa tumbo, ngozi nimeiacha kwenye mnazi.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimegundua! Hawakupanda popote. Walipima shamba kwa hatua, wakarudi mezani, wakajifanya ndege. Na kumbe miti mingine ilikuwa bado haijapandwa! Bwana akitaka njia yenye miti pande zote mbili, anachorewa. Adabu tu.
Japheth mwenye drone amepita akinicheka. Ati yeye dakika mbili tu. Nimemjibu kwamba drone haina adabu, inaonyesha hata tangi la Mama Ndulu lenye kutu. Mimi nimelifuta. Nimempa pia njia ya minazi, safu mbili, mpaka barabarani. Nyumba, choo na zizi la mbuzi vya Mzee Karisa vilikuwa njiani. Nimevifuta.

Jumamosi, 9 Agosti
Picha imefunuliwa baada ya maombi. Vigelegele! Mama Ndulu amelia kwa furaha, nami nilikaribia kulia. Ndipo Mzee Karisa akavaa miwani, akajitafuta.
“Jirani yangu mwema,” akasema taratibu, “mimi na mbuzi wangu umetuhamishia wapi?”
Ardhi hapa si jambo la mzaha. Mama Ndulu ameapa hajui lolote. Kisha wote wawili wakanigeukia.

Jumatatu, 11 Agosti
Kwa chifu. Picha yangu mezani, kama kielelezo. Japheth naye kaleta yake, aliyoipiga Jumanne: nyumba ipo, zizi lipo, hata mimi nipo, mnazini. Mpaka umethibitishwa, majirani wamepeana mikono. Nimeomba radhi mara tatu. Naona haya kweli. Mama Ndulu amesema, “Muthoka, umenivua nguo mbele za watu,” kisha akamwagiza Japheth picha.

Jumanne, 12 Agosti
Nimeapa kuchora kilichopo tu.
Saa nne chifu amepiga simu. Picha bado anayo, ameitazama, imemkaa moyoni. Anataka ofisi yake ichorwe hivyo hivyo! Nimekwenda kupima kwa hatua. Kiwanja kidogo, hakina fahari. Kingependeza na bustani, na dimbwi la bata. Tatizo ni shule ya msingi iliyo nyuma yake.
Nimeifuta. Wanafunzi wako likizo, nani atajua?