Foleni ya Viwanja vya Angani

Sixten Brolund alikuwa na mali moja tu duniani: gari kuukuu lenye kitanda, jiko na mapazia ya maua, alilolipa jina la Bibi Harusi. Vitu vingine vyote alivyowahi kushika vilikuwa vya watu. Jioni hiyo alikuwa ameliegesha nje ya duka la vyakula hapo Kiruna, mji wa kaskazini mwa Uswidi, anakunywa kahawa yake, mara watu wote wakainua vichwa. Setilaiti za intaneti, zaidi ya ishirini, zilikuwa zinapita angani zimefuatana.

"Zimezidi sasa!" mzee mmoja akafoka. "Huko juu patajaa, tukose hata pa kuonea nyota!"

Patajaa. Masikio ya Sixten yakasimama. Pakijaa kuna foleni, na foleni ndiyo dini ya Waswidi.

Asubuhi yake mlangoni pa duka palikuwa na meza, Sixten ndani ya suti, na mashine nyekundu ya kutolea namba, aliyoiazima bila kuaga kwenye duka la dawa lililofungwa. Wa kwanza akavuta namba, wa pili akavuta, na wa kumi ndiye aliyekumbuka kuuliza, "Samahani, hii foleni ni ya nini?"

"Viwanja vya angani, dada yangu! Kilomita mia tano na hamsini kwenda juu. Makampuni yanarusha setilaiti kila wiki, nafasi zinagombaniwa, zinakaribia kugongana. Kesho watakuja kukupigia magoti wewe! Krona mia tano tu, unashika nafasi. Sharti ni moja: ukitoka kwenye foleni, umeipoteza, na pesa hairudi."

Watu wa Kiruna si wajinga, jamani, msiwaonee. Lakini mji wao ulihamishwa kupisha mgodi, na kanisa likapandishwa kwenye magari likiwa zima. Mtu aliyeona kanisa likipita barabarani, kiwanja cha angani atakikataa kwa lipi? Kufika Ijumaa namba themanini zilikuwa zimekwenda.

Wa themanini na moja alikuwa Gunvor Palovaara, bibi aliyefanya kazi miaka thelathini kwenye kituo cha setilaiti nje ya mji.

"Changu kiko juu ya wapi, mwanangu?"

"Juu ya hapa hapa, mama."

"Makopo hayo yanaizunguka dunia kwa saa moja na nusu. Saa tatu kiwanja kiko hapa, dakika kumi baadaye kiko Misri. Nitakipalilia saa ngapi?"

"Mama nawe kwa utani!"

"Mdogo wangu Märta kanunua vinne. Pesa yenyewe aliiweka atengeneze meno."

"Mpe hongera zangu!"

Gunvor akalipa, akaenda zake. Hasira ilimjaa usoni, ila Sixten alikuwa anaangalia noti.

Jumatatu bibi akarudi na kopo la biskuti. Ndani mlikuwa na namba zote themanini na nne, alizokusanya kwa wanunuzi.

"Kuna kampuni ya Luxembourg imefungua ofisi ghorofani, juu ya duka la viatu. Wanaitaka foleni nzima kwa milioni mbili, lakini wanataka kuonana na mwenye foleni, si na kibibi kama mimi. Wenzangu wameingiwa na wasiwasi, wanataka chao leo. Turudishie pesa zetu, utuongezee na hilo gari, kopo ni lako."

"Bibi Harusi? Aa, mama, hapo umenigusa pabaya."

"Basi, yaishe." Gunvor akafunika kopo. "Nina jamaa yangu huko mjini Narvik, Norway, nitampigia."

"Mama, mama, tulia! Nani kakataa?"

Akatoa pesa, akasaini karatasi za gari, akakabidhi ufunguo, akapanda ngazi mbili mbili.

Ghorofani palikuwa na mlango uliofungwa, viti vitatu na mashine ya namba. Sixten akafurahi, hii sasa ndiyo ofisi ya kweli. Akavuta: mbili. Taa ya ukutani ilionyesha moja. Chini yake palibandikwa karatasi: *Ukitoka kwenye foleni, umeipoteza.* Akaketi, kopo mapajani.

Nusu saa ikapita. Mara huko chini injini ikakohoa, na kikohozi hicho alikijua. Akarukia dirishani. Bibi Harusi huyo anakata kona kushika njia ya Norway, Gunvor kwenye usukani, na Märta pembeni yake anacheka kwa meno yote aliyobaki nayo.

"Wee! Gari langu!"

Moyo ukamwambia kimbia, wamekwama kwenye taa za barabarani. Akafika mlangoni, mkono tayari kwenye kitasa. Halafu akageuka, akaitazama taa ya ukutani, akaitazama na namba yake.

Wa pili tu, jamani. Ni wa pili tu.

Akarudi kuketi.